Kipindi cha Viungo Baada ya Kazi: Ushiriki wa Wanafunzi wa Shule za Jioni nchini Brazili

Utangulizi

Aliyepitia shule za mfumo wa 8-4-4 humu nchini hahitaji kuelezwa yaliyokipata kipindi cha mazoezi ya viungo. Kipindi kilikuwamo kwenye ratiba, kimeandikwa kama vingine vyote, lakini aghalabu aliyeingia darasani saa ile alikuwa mwalimu wa hisabati, chaki mkononi. Wachache walilalamika, maana somo lenyewe halikutahiniwa. Ikiwa hali ilikuwa hiyo mchana, kwa watoto wenye siha na uwanja mbele yao, itakuwaje usiku, kwa mtu mzima aliyetoka kazini moja kwa moja?

Makala haya yananuia kulifafanua swali hilo kwa kurejelea Brazili. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu moja mahsusi. Kwa zaidi ya miaka 50 Brazili imekuwa ikiandika katika sheria zake ni nani anayepaswa kushiriki somo hili na ni nani anayeweza kusamehewa. Kwingineko jambo hili huamuliwa kimyakimya na mwalimu mkuu, au na uchovu wa mwanafunzi mwenyewe. Kule limeandikwa, na lililoandikwa huweza kusomwa na kuhojiwa. Anayelisoma kwa makini hugundua kwamba chini ya huruma ya msamaha huo mna dhana fulani kuhusu mwili wa mfanyakazi: kwamba kazi aliyoifanya mchana kutwa ndiyo mazoezi yake. Dhana hiyo ndiyo tunayotaka kuichunguza.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno kuhusu istilahi. Kiswahili kina majina kadhaa ya somo hili: elimu ya viungo, mazoezi ya viungo, elimu ya mwili, na wakati mwingine michezo tu. Kireno cha Brazili husema educação física, yaani elimu ya mwili. Majina haya hayalingani kimaana hata kidogo. "Mazoezi" humleta akilini askari akipiga kwata. "Michezo" humleta mchezaji wa kandanda. "Elimu" hudai kwamba kuna jambo la kufahamiwa. Brazili imezipitia maana hizi zote tatu, na mwanafunzi wa jioni alisamehewa kwa mara ya kwanza wakati maana iliyotawala ilikuwa ile ya kwata.

Shule ya jioni na wenyewe

Ibara ya 208 ya Katiba ya Brazili ya 1988 inaitaka serikali kutoa elimu ya kawaida ya usiku inayoafiki hali ya mwanafunzi. Elimu hiyo hupatikana kwa sura mbili. Kuna shule ya upili ya kawaida ambayo hufundishwa usiku, na kuna elimu ya vijana na watu wazima ambao walikatiza masomo na sasa wanarejea. Masomo huanza takriban saa moja usiku na kumalizika kati ya saa nne na saa tano. Darasani utawakuta wauzaji wa maduka makubwa, vibarua wa ujenzi, wafanyakazi wa nyumbani, wapishi, vijana wa pikipiki wanaosambaza vyakula na mizigo mijini, na akina mama waliowaacha watoto kwa jirani. Wengi hupanda basi kutoka kazini hadi shuleni bila kupitia nyumbani. Sheria ya mwaka wa 2009 iliupanua mpango wa taifa wa chakula cha shuleni ukawafikia pia wanafunzi wa shule za upili na wa elimu ya watu wazima, na kwa wengi wao sahani ile ndiyo chajio. (Mwalimu wa viungo anayepangiwa kipindi mara tu baada ya mlo huo hana budi kulizingatia hilo, si saa ya kumkimbiza mtu.)

Wanafunzi wa Kiswahili watalikumbuka jina la Paulo Freire, ambaye mwaka wa 1963, katika mji wa Angicos jimboni Rio Grande do Norte, aliongoza kisomo cha wafanyakazi wapatao 300 kwa muda wa saa 40 hivi za masomo. Madarasa yale yalikuwa ya jioni, baada ya kazi. Freire alisisitiza kwamba mtu mzima huja darasani na ulimwengu wake mzima, si kama chombo kitupu cha kujazwa. Kwa kiasi kikubwa nadharia za elimu zilizomfuata zimeishughulikia akili na lugha ya mtu huyo. Mwili wake, uliochoka, unaouma mgongo na uliovaa viatu vya kazi, haukuangaliwa sana.

Historia ya msamaha

Katiba ya 1937, ya utawala wa Getúlio Vargas, ililifanya somo la viungo kuwa la lazima katika shule za msingi, za upili na za walimu. Katiba hiyo hiyo ilizungumzia kuwaandaa vijana kwa ajili ya uchumi na ulinzi wa taifa. Mwili ulitazamwa kama mali ya nchi, wa kunyooshwa na kuimarishwa.

Mtazamo huo ulifikia kilele chake katika amri ya serikali nambari 69.450 ya tarehe 1 Novemba 1971, wakati wa utawala wa kijeshi, mwaka mmoja baada ya Brazili kutwaa Kombe la Dunia kwa mara ya tatu nchini Meksiko. Amri ililipeleka somo katika viwango vyote vya elimu, chuo kikuu kikiwemo. Iliagiza vipindi vitatu kwa wiki katika shule za msingi na upili, makundi ya wanafunzi 50 wa jinsia moja, na ikataja bayana kwamba kigezo cha msingi cha kupanga na kutathmini somo ni uwezo wa mwili. Kisha ikaorodhesha waliosamehewa: mwanafunzi wa usiku anayethibitisha kwa kitambulisho cha kazi kilichotiwa sahihi kwamba ana ajira ya saa sita au zaidi kwa siku, aliyepita umri wa miaka 30, aliye katika utumishi wa jeshi, na asiyejiweza kimwili.

Orodha hii inastahili kusomwa polepole. Kwa mtazamo wa kwanza ni ya kibinadamu. Nani atakayemlazimisha mjenzi aliyebeba saruji tangu asubuhi aruke kamba saa tatu usiku? Hata hivyo, ukiuliza ni nini kinachowaunganisha waliotajwa, jibu hujitokeza. Askari hupiga kwata kambini, kwa hiyo tayari amefanyishwa mazoezi. Mfanyakazi ametumia misuli yake kwa saa sita, kwa hiyo naye tayari amefanya mazoezi. Aliyevuka miaka 30 umri wake wa kufinyangwa umepita, na udongo uliokauka haufinyangwi. Ikiwa lengo la somo ni kutoa miili yenye nguvu kwa manufaa ya taifa, basi watu hawa wote hawalihitaji, ama kwa kuwa wameshaiva au kwa kuwa hawataiva tena. Msamaha ule ulitokana moja kwa moja na maana ya somo lenyewe, na huruma ilikuja baadaye.

Sheria ya 1977 iliuthibitisha msamaha huo na kumtaja pia mwanafunzi wa kike aliye na watoto. Mwaka wa 1996, utawala wa kijeshi ukiwa umeondoka zaidi ya miaka kumi nyuma, ilitungwa sheria kuu ya elimu inayotumika hadi leo, nambari 9.394. Ilisema kwamba somo la viungo ni sehemu ya mtaala wa elimu ya msingi, lifungamane na mpango wa shule na lilingane na umri na hali ya wanafunzi, na kwamba ni la hiari katika masomo ya usiku. Msomaji atambue mabadiliko yaliyofichika hapa. Zamani aliyesamehewa alikuwa mtu, kwa sababu zake. Sasa ilisamehewa zamu nzima ya usiku. Shule iliyotaka kuokoa gharama ya mwalimu au ya taa za uwanjani ilipata mlango uliofunguliwa na sheria. Kijana wa miaka 17 asiye na kazi yoyote, aliyesoma usiku kwa sababu tu nafasi za mchana zilikuwa zimejaa, alinyimwa somo bila kuulizwa.

Mwaka wa 2001 neno moja, "lazima", liliongezwa katika kifungu hicho bila kuigusa ile hiari ya usiku. Marekebisho ya kweli yalikuja kwa sheria nambari 10.793 ya tarehe 1 Desemba 2003. Hiari ilitolewa kwenye zamu ikarudishwa kwa mtu: anayefanya kazi saa sita au zaidi, aliyezidi miaka 30, aliye jeshini, mgonjwa anayelindwa na sheria ya 1969, na mwenye watoto, safari hii bila kutaja kama ni mwanamke au mwanamume. Somo lenyewe likawa la lazima kwa shule, mchana na usiku. Kwa ufupi, tangu 2003 shule ya jioni haiwezi kusema haina kipindi cha viungo. Mwanafunzi ndiye anayeweza kusema hatahudhuria.

Hatua hiyo tunaiona kuwa ya haki zaidi kuliko iliyotangulia. Lakini ukiitazama orodha, utaona ni ile ile ya 1971 iliyovishwa nguo mpya. Utawala ulibadilika, katiba ikabadilika na maana ya somo ikabadilika, ila wasamehewa wamebaki takriban walewale. Katika darasa la watu wazima wanaofanya kazi, wenye watoto, ambao wengi wamepita miaka 30, huenda ukamsoma kila mmoja katika orodha hiyo.

Suala la karatasi

Aidha kuna jambo ambalo wasomaji wa Nairobi au Mombasa watalielewa bila maelezo marefu. Ili usamehewe kwa sababu ya kazi, sharti uthibitishe kwamba unafanya kazi. Brazili ina kitambulisho cha kazi ambacho mwajiri hukijaza, na mwenye kitambulisho kilichojazwa huhesabiwa kuwa ameajiriwa rasmi. Wafanyakazi wasio rasmi nao ni karibu wanne kati ya kila kumi nchini humo. Mwanamke anayefua nguo za watu nyumba hadi nyumba, au mchuuzi wa vitafunio kituoni mwa basi, huenda akafanya kazi saa kumi kwa siku na asiwe na karatasi hata moja ya kuonyesha. Karani mwenye kiti na feni huleta barua ya mwajiri na kusamehewa. Hivyo basi huruma ya sheria humfikia kwanza aliye na nafuu. Tunataja hili kwa sababu mjadala wa ushiriki mara nyingi huchukulia kwamba aliyesamehewa ndiye aliyechoka zaidi.

Je, kazi ni mazoezi?

Turudi kwenye dhana tuliyoitaja mwanzoni. Sayansi ya afya imeitilia shaka kubwa. Watafiti, hasa wa nchi za Ulaya ya Kaskazini, wakiwemo Andreas Holtermann na wenzake nchini Denmark, wameonyesha kwamba juhudi ya mwili kazini na juhudi ya mwili wakati wa mapumziko hazileti matokeo sawa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalibainisha kwamba wanaume wenye kazi nzito sana walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wanaume wenye kazi nyepesi. Mjadala haujafungwa. Wapo wanaosema kwamba umaskini, sigara na makazi duni ndiyo yanayoua, wala si kazi yenyewe, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo hakuna upande unaodai kwamba kubeba mizigo kunachukua nafasi ya mazoezi.

Sababu zenyewe si ngumu kueleweka. Mazoezi ya hiari huwa mafupi, huupandisha mpigo wa moyo kisha kuuacha utulie, na anayechoka hupumzika. Kazi nzito huendelea kwa saa nyingi kwa kasi isiyotosha kuuimarisha moyo lakini inayotosha kuuchosha. Mkao ni mmoja na misuli inayotumika ni ile ile, na wa kuamua lini mtu apumzike ni msimamizi. Mpishi husimama, mshonaji huinama, na mpokea simu huketi saa sita bila kunyoosha shingo. Huyu wa mwisho naye sheria inamwona kama mtu aliyeushughulisha mwili wake vya kutosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Mtu anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi karibu na saa sita usiku atazipata wapi dakika hizo? Kwa baadhi ya wanafunzi hawa, saa pekee ya wiki ambamo mwili wao ungeweza kutumika kwa faida yao wenyewe ni ile wanayosamehewa.

Yanayowazuia, yanayowavuta

Ingekuwa makosa kudhani kwamba sheria ndiyo inayoamua kila kitu. Walimu na watafiti wa Brazili wameeleza kwa miaka mingi vikwazo vingine vilivyo vidogo na vya kila siku. Mwanafunzi amekuja na suruali nzito ya kazi na viatu vya ngozi. Hana pa kubadilishia nguo, na akitoka jasho hana pa kuoga, na bado ana vipindi viwili vya kuketi karibu na wenzake kisha safari ya basi. Uwanja hauna taa za kutosha, au una taa lakini umekodishwa kwa timu ya mtaa. Mwanamke wa miaka 45 hataki kutazamwa akikimbia mbele ya vijana wa miaka 18, na vijana wenyewe wameshaunyakua mpira na kugawana timu. Hapo wasiocheza hukaa kandokando wakishika simu, na daftari la mahudhurio huwahesabu kuwa wamehudhuria.

Kizuizi hiki cha mpira kina uzito wake. Pale ambapo somo la viungo ni kandanda na kandanda pekee, hawalikatai kwa uvivu. Wameshafundishwa tangu utotoni, katika shule za mchana walizoziacha, kwamba somo hilo ni la wenye vipaji.

Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Brazili walianza kulijenga somo upya. Kitabu kilichotolewa mwaka wa 1992 na kundi la waandishi waliojitambulisha kwa umoja wao tu kilisisitiza kwamba kinachofundishwa ni utamaduni wa mwili: michezo, ngoma, sarakasi, mieleka, na historia yake. Miongozo ya mtaala ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilifuata njia hiyo. Hapa capoeira ni mfano ulio bora. Ilikuzwa na Waafrika waliofanywa watumwa na vizazi vyao, watu ambao miili yao ilitumikishwa mchana na ambao waliichezesha kwa namna yao walipopata upenyo. Sheria ya jinai ya 1890 iliifanya kosa, Mestre Bimba akafungua chuo chake mjini Salvador mwaka wa 1932, na mwaka wa 2014 UNESCO ikaitambua duara ya capoeira kuwa urithi wa binadamu. Mwalimu wa jioni anaweza kulifundisha hilo kwa ngoma, kwa wimbo, kwa maelezo na kwa mwendo, na mwenye goti bovu akapiga ngoma au makofi asiwe mtazamaji. Wengine hufundisha kunyoosha viungo kwa kutumia kiti kile kile cha darasani, namna ya kuinua mzigo bila kuuumiza mgongo, kupumua, dansi za wawili wawili, hata mchezo wa sataranji. Mwanafunzi hahitaji kubadilisha nguo ili ajifunze ni kwa nini bega lake la kulia humuuma kila Ijumaa.

Sisi huku tuna mfano wetu, na uhusiano wake na Freire haukuwa wa kubahatisha. Katika kituo cha Kamĩrĩthũ, Limuru, kisomo cha watu wazima cha mwaka wa 1976 kilichoongozwa na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kilitumia mbinu za Freire. Kutoka katika kisomo hicho kukazaliwa mchezo wa kuigiza Ngaahika Ndeenda, aliouandika kwa ushirikiano na Ngũgĩ wa Thiong'o na ulioonyeshwa mwaka wa 1977 kabla ya kupigwa marufuku. Washiriki walikuwa wakulima na wafanyakazi wa viwandani na mashambani. Walikuja baada ya kazi, na walicheza ngoma. Mwaka wa 1982 ukumbi wao wa wazi ulibomolewa. Hakuna aliyewahi kuuita mradi ule somo la viungo, lakini anayeuliza kama watu waliochoka hukubali kuitumia miili yao jioni anaweza kuanzia hapo.

Ratiba

Mwaka wa 2016 serikali ya Brazili ilitoa amri ya dharura iliyoliondoa somo hili katika orodha ya lazima ya shule za upili. Upinzani ulikuwa mkali, na sheria nambari 13.415 ya tarehe 16 Februari 2017 ikalirudisha, ila kwa kauli ya "masomo na mazoezi" ya elimu ya mwili. Kauli hiyo iliruhusu tafsiri nyingi, ikiwemo ile ya mwanafunzi anayesoma kuhusu mazoezi akiwa ameketi.

Kwa maoni yetu msamaha wa mtu binafsi ubaki. Kumlazimisha mama wa watoto watatu kukimbia saa nne usiku ni ukatili, na somo linaloingizwa kwa nguvu halimfundishi mtu kuupenda mwili wake. Suala lililosalia ni mahali kipindi kinapowekwa, na hili halihitaji bunge. Shule zinazokipanga Jumamosi, au alasiri kabla ya zamu, zimekipanga saa ambazo mwanafunzi yuko kazini au amelala, kisha huandika kwamba mahudhurio ni haba. Zinazokiweka mwisho wa usiku hukifanya msamaha kuwa sawa na ruhusa ya kuwahi basi la saa nne, na ni wachache wenye moyo wa kulikosa basi hilo. Kinapowekwa katikati ya usiku, baina ya hisabati na Kireno, aliyesamehewa hana pa kwenda. Huketi kando ya uwanja na barua yake mfukoni, akiwatazama wenzake, na mwalimu ana dakika 40 za kumwita.